Namna ya Kuinua Gari Nyumbani kwa Usalama Kabla ya Kuingia Chini Yake

Kazi nyingi ambazo mwenye gari anaweza kujifanyia mwenyewe, kama vile kubadilisha oili ya injini, kukagua pedi za breki au kuhamisha matairi ya mbele kwenda nyuma, zinahitaji gari liinuliwe kwanza. Kuinua kwenyewe huchukua dakika chache tu, na kwa sababu hiyo ni rahisi mtu kupita haraka hapo ili aifikie kazi aliyoikusudia. Mwongozo huu unaichukulia hatua hiyo kuwa kazi kamili, kwa kuwa nati iliyokazwa vibaya inaweza kukazwa upya, lakini gari likimwangukia mtu hakuna cha kurekebisha.

Anayeinua gari kwa mara ya kwanza kwa kawaida huogopa uzito, akajiuliza kama jeki itaumudu. Jeki nzima iliyo sahihi kwa gari hilo huumudu uzito unaoshuka wima bila shida. Hatari kubwa zaidi iko katika mwendo wa kwenda pembeni: gari linabingirika sentimita chache, jeki inainama, mguu mmoja wa stendi, yaani kiegemeo cha chuma kinacholibeba gari likishainuliwa, unazama, au mtu anavuta spana kwa nguvu na kulisukuma gari lote. Karibu kila hatua inayofuata ina lengo moja, yaani kulizuia gari lisisogee kando tangu linapoanza kunyanyuka hadi linapogusa sakafu tena.

Mahali pa kufanyia kazi

Sakafu inayofaa ni ya zege, iwe ngumu, kavu na iliyosawazika. Usitegemee jicho pekee, kwa sababu mteremko mdogo ambao mtu hautambui anapotembea unatosha kulibingirisha gari. Weka pima maji sakafuni kwa urefu na kwa upana wa mahali gari litakaposimama, au weka mpira mdogo uone kama utatulia. Lami huonekana ngumu, lakini hulainika inapochomwa na jua, na miguu ya stendi huweza kuzama ndani yake taratibu wakati mtu ameshalala chini ya gari. Kama huna mahali pengine ila penye lami, tandika chini ya kila stendi kipande cha plaiwudi kizima chenye unene usiopungua milimita 18, kikubwa kuliko kitako cha stendi, ili uzito usambae. Penye mchanga, kokoto, nyasi au udongo, mtu asiingie chini ya gari kabisa.

Ipo sababu nyingine ya kutaka sakafu isiyo na nyufa wala vijiwe, nayo haielezwi vya kutosha. Mkono wa jeki ya magurudumu, ile ndefu yenye mpini wa kupampu, haupandi wima. Hupanda kwa kuchora upinde, hivyo kadiri unavyonyanyuka ndivyo kichwa chake kinavyorudi kuelekea upande wa mpini. Ili kichwa kibaki pale pale chini ya gari, jeki yenyewe hulazimika kubingirika polepole kuingia ndani zaidi. Magurudumu yake madogo yakikwama kwenye ufa au kwenye kijiwe, moja kati ya mambo mawili litatokea: ama kichwa kiteleze kutoka mahali kilipolishika gari, ama gari livutwe kuelekea kwenye jeki. Kwa hiyo fagia sakafu kabla ya kuanza, usiiweke jeki juu ya ubao wenye kingo, na kamwe usiyazuie magurudumu ya jeki kwa kudhani kwamba unaongeza usalama.

Vifaa

Unahitaji jeki ya magurudumu, stendi mbili zinazofanana, kabari nne, spana ya nati za magurudumu, miwani ya kukinga macho na taa isiyopata joto. Miwani si anasa, kwani kutu na mchanga ulioganda chini ya gari huanguka moja kwa moja usoni mwa anayetazama juu.

Jeki ya mkasi inayokuja na gari kwenye buti imeundwa kwa ajili ya kubadilisha gurudumu lililopata pancha barabarani, na kwa kazi hiyo inatosha. Kitako chake ni chembamba, na inapofika juu huwa imesimama kama mti mrefu juu ya mguu mdogo, hivyo haistahimili kusukumwa pembeni. Jeki ya chupa ina nguvu nyingi, lakini nayo ina kitako kidogo, na urefu wake unaifanya ifae zaidi kwa magari yaliyoinuka, yenye chasisi imara, kuliko magari madogo yaliyo karibu na ardhi.

Kuhusu uwezo wa vifaa, anza kwa kuujua uzito wa gari lako. Gari dogo la kawaida huwa na takriban kilo 1,000 hadi 1,300, ilhali magari makubwa ya familia na yale ya kupita njia mbaya hupita kilo 2,000 kwa urahisi. Katika magari mengi, bamba au kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango huonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa. Ingawa huinui gari lote kwa mara moja, chagua jeki na jozi ya stendi ambazo kila kimoja kingeweza kuubeba uzito huo wote, ili ubaki na akiba. Soma maandishi ya kwenye stendi kwa makini, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji huandika uwezo wa stendi zote mbili kwa pamoja na wengine huandika wa kila moja.

Kwa nini stendi ni za lazima? Jeki ya haidroliki huliweka gari juu kwa mafuta yaliyofungiwa ndani ya silinda, na kinachoyazuia mafuta hayo yasirudi ni vali ndogo pamoja na mipira ya kuzibia. Mpira ukichakaa, au chembe ya uchafu ikinasa kwenye vali, mafuta hupata njia na gari hushuka, wakati mwingine taratibu na wakati mwingine ghafla, bila jeki kuonyesha kasoro yoyote kwa nje. Stendi haina mafuta wala vali. Ni chuma kilichokaa juu ya chuma. Jeki ni kifaa cha kuinulia, stendi ni kifaa cha kubebea, na hakuna sehemu yoyote ya mwili inayopaswa kuingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa sekunde za kuokota nati iliyodondoka.

Stendi nazo zikaguliwe. Mwaka 2020, kampuni ya Harbor Freight ya Marekani iliwataka wateja warudishe baadhi ya stendi ilizouza, za tani 3 na za tani 6, kwa sababu meno yanayoshikilia urefu yangeweza kuachia. Angalia viungo vilivyochomelewa kama vina nyufa, angalia kama meno yamelika, na uhakikishe miguu yote minne inagusa sakafu bila kuyumba. Stendi zinazofungwa kwa pini nene inayopenya tundu upande hadi upande zina sehemu chache za kuharibika, na mimi ningezichagua hizo kabla ya zile za meno, ijapokuwa hatua zake za kupanda na kushuka ni kubwa zaidi. Jeki nayo ipimwe bila mtu kuwa chini ya gari: inua upande mmoja, pima kwa futi kamba umbali kutoka sakafuni hadi kwenye bodi, subiri dakika 10, kisha pima tena. Jeki iliyoshuka, au inayotoa mafuta kwenye mhimili wake, ipelekwe kutengenezwa.

Matofali ya saruji, mawe, rimu kuukuu na vipande vya mbao vilivyopangwa si mbadala wa stendi. Tofali linaweza kubeba mzigo mkubwa uliosambaa juu ya uso wake wote, lakini uzito wa gari hulifikia kupitia sehemu ndogo ya chuma, na zege likielemewa namna hiyo hupasuka mara moja bila kupinda kwanza.

Kulizuia gari lisibingirike

Hapa ndipo panapohitaji kueleweka zaidi, kwa sababu madereva wengi huamini kwamba breki ya mkono na gia vinatosha. Breki ya mkono katika magari mengi hushika magurudumu ya nyuma pekee. Ukiinua sehemu ya nyuma, breki hiyo inakuwa imeshika magurudumu yanayoning'inia hewani, na yale ya mbele yaliyobaki sakafuni yanategemea gia tu, na kama ni gari linaloendeshwa kwa magurudumu ya nyuma, hayana chochote kinachoyazuia.

Gia nayo ina udhaifu wake. Gari la otomatiki likiwekwa kwenye P, yaani gia ya kuegesha, kinachofungwa ni shafti ndani ya giaboksi, si magurudumu yenyewe. Kati ya shafti hiyo na magurudumu kuna difu, ambayo kazi yake ni kuruhusu gurudumu la kushoto na la kulia yazunguke kwa kasi tofauti gari linapokata kona. Ukiinua gurudumu moja tu kati ya yale yanayoendeshwa na injini, mwenzake aliyebaki chini anaweza kuzunguka huku lile la juu likizunguka kinyume chake, na gari likaondoka ilhali gia bado iko kwenye P. Gari la gia za mkono lililoachwa kwenye gia ya kwanza au rivasi lina udhaifu huo huo.

Kwa hiyo weka breki ya mkono, weka gia ya P au gia ya kwanza, kisha uongeze kabari. Kabari ziwekwe mbele na nyuma ya magurudumu yatakayobaki sakafuni: ukiinua mbele, zinakaa kwenye magurudumu ya nyuma, ukiinua nyuma, zinakaa kwenye ya mbele. Zisukume hadi zibane tairi bila kuacha nafasi, maana gari lililopata nafasi ya sentimita 2 za kubingirika limekwisha kuiinamisha jeki. Kabari ya mpira mzito au ya mbao ngumu iliyokatwa kwa mteremko inafaa. Jiwe la mviringo halifai.

Zima injini, toa ufunguo na ukae nao. Kwa gari la haibridi jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa injini yake inaweza kujiwasha yenyewe ikiwa mfumo umeachwa tayari kwa kuendeshwa. Magari yenye breki ya mkono ya umeme au springi za hewa huwa na mpangilio maalumu wa matengenezo unaopaswa kuwashwa kabla ya kuinua au kabla ya kufungua breki za nyuma. Kitabu cha gari huueleza. Hakikisha hakuna mtu ndani ya gari, milango yote imefungwa, na watoto pamoja na wanyama wako mbali.

Ikiwa utatoa gurudumu, legeza nati zake nusu mzunguko sasa, tairi likiwa bado limekanyaga sakafu. Nati nyingine yoyote inayohitaji nguvu nyingi, kama ile kubwa iliyo katikati ya ekseli, ilegezwe pia kabla gari halijapanda.

Kupata pointi za kuinulia

Kila gari lina sehemu chache zilizoimarishwa kubeba uzito wake, na kitabu cha gari huzionyesha kwa mchoro. Kwenye magari mengi madogo zipo nne, chini ya kizingiti cha milango, moja nyuma kidogo ya kila gurudumu la mbele na moja mbele kidogo ya kila gurudumu la nyuma, mara nyingi zikiwa na vijialama viwili vilivyokatwa kwenye ukingo wa chuma. Ukingo huo hupinda ukigandamizwa na kichwa kitupu cha jeki, hivyo weka kipande cha mpira mgumu chenye mfereji ambamo ukingo unaingia.

Usiinue gari kwa sampo ya oili (bakuli la oili lililo chini ya injini), giaboksi, sakafu ya gari, ekzosi, wala mahali palipopita mabomba ya breki au ya mafuta. Bati la sakafu hubonyea, na sampo iliyopasuka humwaga oili yote. Kwa gari la umeme uangalifu uongezeke, kwa sababu betri imetandazwa chini ya sakafu karibu yote, na kichwa cha jeki kikiigandamiza kinaweza kuleta hasara kubwa na hatari ya moto. Katika gari lolote lililozeeka, gonga pointi ya kuinulia kwa mpini wa bisibisi kabla ya kuiamini. Chuma kizima hutoa mlio mkavu, na kilicholiwa na kutu hutoa sauti nzito au kumeguka.

Tatizo moja litakukabili mapema: jeki na stendi zote zinataka kukaa kwenye pointi ile ile. Namna nzuri ya kulitatua ni kuinua kwa pointi ya katikati, yaani kiunzi imara kinachopita chini ya injini kwa mbele, au ekseli ama difu kwa nyuma, ikiwa tu kitabu cha gari kinaruhusu, kisha stendi zikakaa kwenye pointi za pembeni. Ikiwa hairuhusiwi, inua kwenye sehemu nyingine iliyoimarishwa ya fremu karibu na pointi ya pembeni, na uiachie stendi pointi yenyewe.

Kuinua na kuweka stendi

Ingiza jeki, kaza vali yake, kisha pampu hadi kichwa kiguse pointi bila kuinua. Simama, inama, utazame: je, kichwa kimekaa katikati ya pointi, na je, jeki imeelekea moja kwa moja? Inua sentimita chache, utazame tena kichwa cha jeki, kabari na magurudumu yaliyo chini. Ukiona chochote kimehama, shusha uanze upya. Utaona pia kwamba bodi hupanda sana kabla gurudumu halijaiacha sakafu, kwa kuwa springi zinajinyoosha kadiri uzito unavyoondoka juu yake; hilo ni la kawaida.

Inua kiasi kinachohitajika kwa kazi yako na kuruhusu stendi ipite, usizidishe. Kila sentimita ya ziada huupandisha uzito wa gari juu zaidi, na gari lililo juu huhitaji msukumo mdogo zaidi kulipindua.

Weka stendi bila kuingiza kichwa wala kifua chini ya gari. Ishike kwa mguu wake na uisukume kutoka pembeni. Stendi zote mbili ziwe kwenye tundu au jino la urefu mmoja, na pini au meno yawe yameingia kikamilifu. Fungua vali ya jeki polepole sana, robo mzunguko au chini ya hapo, ili gari likalie stendi kwa utulivu. Angalia kwamba pointi ya gari imekaa katikati ya kichwa cha stendi na kwamba hakuna mguu ulionyanyuka sakafuni.

Sasa, ukiwa umesimama nje, lisukume gari kwa mikono kutoka pembeni, kisha kutoka mbele na nyuma, kwa nguvu inayolingana na ile utakayoitumia kwenye spana. Kama litaanguka, ni heri lianguke wakati huu. Likitulia, rudisha jeki chini ya pointi yake hadi iguse bila kuinua, iwe msaada wa pili. Gurudumu ulilolitoa, au la akiba, lilaze chini ya kizingiti cha gari. Stendi zikishindwa, linaweza kuacha nafasi inayookoa maisha.

Ukiwa chini ya gari

Kuwepo mtu mwingine karibu, anayejua jeki inavyofanya kazi na aliye na simu. Subiri ekzosi ipoe. Usiwashe injini gari likiwa juu ya stendi, zaidi sana ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu. Unapofungua boliti iliyoganda, elekeza nguvu yako juu au chini badala ya kuvuta kwa mlalo, na usirukeruke kwa spana. Boliti ikikataa kabisa, nyunyizia dawa ya kulainisha kutu uiache ifanye kazi. Ukisikia mlio wa chuma au ukihisi gari limetikisika, toka mara moja uache vifaa vilipo. Gari linaloanza kuanguka halizuiwi kwa mikono, na anayelisimamia nje naye arudi nyuma.

Kuliinua gari pande zote nne hufanyika kwa kumaliza upande mmoja kwanza, kisha wa pili. Hatari yake ni kwamba unapoinua nyuma, mbele iliyo juu ya stendi huinama nazo, na tena hakuna gurudumu lililobaki chini la kuwekewa kabari. Inua kidogo kidogo, ukizitazama stendi za mbele kila baada ya pampu chache. Ninashauri njia hii itumike tu pale kazi isipoweza kufanyika vinginevyo. Kwa kubadilisha oili, rampu mbili za kupandishia magurudumu ya mbele ni salama na nyepesi zaidi, maana gari linabaki juu ya matairi yake. Panda polepole, simama rampu inapoishia, kisha uweke breki ya mkono na kabari kwenye magurudumu ya nyuma.

Kushusha

Rudisha gurudumu na ukaze nati kwa mkono hadi zikae sawasawa kwenye rimu. Ondoa ndoo, taa, spana na gurudumu ulilolilaza chini, halafu hakikisha kila mtu amesimama mbali. Inua gari kwa jeki kiasi cha kuziachia stendi tu, zitoe kwa kuzivuta pembeni, kisha fungua vali polepole bila kukatisha, ukimtaka msaidizi atazame upande usiouona. Matairi yakishakanyaga sakafu, kaza nati kwa kuruka kutoka moja kwenda ile inayoikabili, ukitumia spana inayopima nguvu na kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, ambacho kwa magari mengi madogo huwa kati ya nyutoni mita 80 na 120. Kabari ziwe za mwisho kuondolewa. Nati hizo zikaguliwe tena kwa spana ile ile baada ya kuendesha kilomita 50 hadi 100.